HB Iko 8? Kabla Ukimbilie Maini na Bitiruti, Jiulize Damu Inapotelea Wapi

Msee wangu wa Mtongwe, hii stori inakuhusu. Ule mpando wa ferry pale Likoni, ambao mwaka jana ulikuwa unaukata ukiongea kwa simu bila hata kuhema, siku hizi unaupanda ukisimama mara mbili, unajifanya unafunga kamba za viatu. Moyo unadunda utadhani umefukuzwa na kanjo. Ukiingia matatu ya kwenda Mtongwe unalala kabla hata ijae. Unajiambia ni joto. Ni stresi za doh. Ni kukesha na muvi. Mathe naye ana jibu lake moja la kila kitu: ni hiyo simu.

Halafu siku moja unaenda kliniki kwa sababu ingine kabisa, wanakudunga kidole, daktari anasoma karatasi. "HB 8.4. Damu iko chini. Kula mboga, kula maini." Unapewa vidonge kwa bahasha ya kaki, unaenda zako. Beshte anakuambia piga juisi ya bitiruti. Jirani anakuambia chukua soda nyekundu uchanganye na yai. Mwingine ana dawa ya mitishamba kwa chupa, soo tano, na maneno mengi. Kila mtu ana kitu cha kukujaza. Hakuna anayekuuliza damu ilienda wapi.

Na hilo ndilo swali lenyewe. Wewe unajua bei ya maji ya mkokoteni huku mtaani. Mtungi ukiisha saa saba mchana na hujaoga wala hujapika, huendi kununua mitungi mingine kumi. Unaugeuza, unaangalia chini. HB ndogo pia iko hivyo. Hiyo namba inakuambia mtungi umepungua tu. Mahali pa tundu inabidi utafute, na mpaka lipatikane, maini na bitiruti ni maji ya mkokoteni.

Hiyo namba inasema nini

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinaitwa hemoglobini, ndiyo hiyo HB. Ichukulie kama ferry. Inapakia oksijeni kwenye mapafu, inavusha mpaka kwa ubongo, misuli, moyo, na mtoto kama uko na mimba, halafu inarudi kuchukua abiria wengine. Kila hemoglobini ina nafasi nne, na kwa kila nafasi kuna chembe moja ya madini ya chuma. Hiyo chuma ndiyo inashika oksijeni. Chuma ikiisha mwilini, ferry mpya haziundwi. Mwili unatoa chembe za damu ndogo ndogo, zimepauka, hazibebi kitu.

Unajua venye huwa Likoni saa kumi na moja jioni ferry zikibaki mbili. Watu ni wale wale, haraka ni ile ile, kwa hivyo vyombo vilivyobaki vinapiga trip bila kupumzika. Moyo wako unafanya kazi hiyo HB ikishuka. Ndio maana unadunda ukipanda ngazi tu, na ndio maana kulala masaa kumi hakukusaidii.

Sasa viwango. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye na mimba awe na angalau gramu 12 kwa desilita, mwanaume 13, mjamzito 11, ingawa katikati ya mimba 10.5 inakubalika. Mtu mzima akienda chini ya 8 hiyo imekuwa kali. Kwa mjamzito, kali ni chini ya 7.

Lakini usishike namba peke yake. HB ikishuka polepole kwa miezi, mwili unazoea. Unaweza kuwa na 7 na bado unakaanga viazi karai kila jioni na kucheka na wateja, kumbe moyo umechoka zamani. Pia kuna wale HB yao ni 12.1, karatasi inasema poa, lakini akiba imeisha. Akiba ya chuma inapimwa kwa kitu kingine kinaitwa ferritini, na hiyo ndiyo inaanza kuisha kabla HB haijaanguka. Mtu wa hivi amechoka kweli, nywele zinakatika, na kila mtu anamwambia ni uvivu.

Ngozi yetu nyeusi inaficha weupe wa damu, kwa hivyo usijiangalie usoni. Vuta kope la chini la jicho uangalie ndani. Angalia ulimi, fizi, viganja. Kama kumepauka, nenda upimwe. Dalili zingine ni kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama haraka, mikono baridi katikati ya joto la Mombasa, kucha zinazovunjika au kuingia ndani kama kijiko, miguu isiyotulia usiku. Na hamu za ajabu: kutafuna barafu siku nzima, mchele mbichi, udongo.

Hiyo ya udongo tusipite haraka

Sokoni udongo unauzwa kwa mafungu, na msupa akionekana ananunua, watu wanacheka, "huyo tayari ana mimba." Miaka ya 1990 watafiti waliwafuata wajawazito 275 kule Kilifi, na zaidi ya nusu walikuwa wanakula udongo mara kwa mara. Wengi walikuwa wanabandua kwa kuta za nyumba. Wale waliokuwa wanakula ndio walikuwa na akiba ndogo ya chuma.

Kitu ambacho mimi napenda kwa ile kazi ni kwamba kina mama hawakuwa wanaota. Wenyewe waliunganisha kula udongo na upungufu wa damu, na minyoo, na ule ugonjwa wa wazee wetu unaitwa safura: mtu anapauka, ananyong'onyea, anakosa nguvu. Lugha ilikuwa na jina la hii kitu kabla maabara haijafika Pwani.

Kwa hivyo hamu ya udongo ichukulie kama kengele. Mwili umekosa kitu, hata kama inatafuta mahali si pake. Shida ni kwamba udongo hauleti hiyo chuma unayotafuta. Aina nyingi zinaishika chuma ya chakula tumboni na kutoka nayo, na zingine zinakuja na mayai ya minyoo. Ukiwa na hiyo hamu usijifiche. Sema kliniki. Wengi wakipata chuma ya kutosha, hamu inapotea yenyewe.

Tundu liko wapi

Mwili wako ni bahili wa chuma kuliko unavyofikiria. Chembe nyekundu inaishi karibu siku 120, ikifa mwili unaokota chuma yake na kuitumia tena. Mtu mzima ana kama gramu 3 au 4 tu kwa mwili wote, na kwa siku anapoteza karibu miligramu moja. Chakula kinarudisha moja mpaka mbili. Hapo mambo ni sawa, mpaka damu yenyewe ianze kutoka nje. Kila mililita ya damu inatoka na karibu nusu miligramu ya chuma.

Dada, tufanye hesabu yako. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 mpaka 40. Ikipita 80 inahesabiwa nzito. Hizo 80 ni miligramu 40 za chuma, ongeza 30 ambazo kila mtu anapoteza kwa mwezi, unafika 70. Chakula kizuri kinakupa 30 mpaka 60. Hesabu haifungi. Kila mwezi unaingia kwa deni, na deni halionekani mpaka siku unaanguka kwa laini ya supamaketi.

Hakuna mtu anapima mililita, kwa hivyo angalia hivi. Unabadilisha pedi kila saa moja au mbili kwa sababu imejaa? Unaamka usiku kubadilisha? Mabonge yanayotoka yanafika saizi ya koini ya mbao? Inapita siku saba? Basi hiyo si "ndio kwetu tuko hivyo." Mama alikuwa hivyo, shangazi hivyo, na wote walikuwa wamechoka maisha yao yote. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa koili ya kopa ambayo kwa wengine inaongeza damu. Yote yana tiba. Kuna njia za kupanga uzazi ambazo zinapunguza hedhi mpaka inakuwa kidogo sana, na kuna vidonge vya kumeza siku zile za damu nyingi tu. Ukimeza chuma miaka mitatu bila mtu kukuuliza kuhusu hedhi, umehudumiwa nusu.

Mimba ni hesabu ingine. Mtoto anachukua chuma yake hata kama wewe huna. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2011 ulikuta wajawazito karibu 4 kati ya 10 Kenya wana upungufu wa damu. Mama akiingia leba na HB ya 7 hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza akaendelea kuongea, yeye inaweza kumuua. Ndio maana kliniki za serikali zinapeana bure kile kidonge cha chuma na foliki asidi, miligramu 60 za chuma kwa siku. Wengi wanavificha kwa droo kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Tutarudi hapo.

Sasa wewe bro, uliyekuwa unasoma haraka haraka ukidhani hii ni ya madem. Utafiti ule ule ulikuta wanaume wenye shida hii hawafiki 1 kati ya 10. Hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Wewe huna hedhi wala mimba, kwa hivyo HB yako ikiwa 10, kuna mahali panavuja na si pa kawaida. Mara nyingi ni tumboni. Jamaa anafanya mjengo au anabeba mizigo Kilindini, mgongo unauma, kila jioni anatupia dawa za maumivu juu ya tumbo tupu, diklofenaki au ibuprofeni, miezi inaenda. Hizo dawa zinachubua tumbo, linavuja damu kidogo kidogo. Kuna pia bakteria wa vidonda vya tumbo, wale wa piloli, ambao mbali na vidonda wanazuia chuma isiingie. Ukiona choo cheusi, kinanata kama lami na kinanuka vibaya, usingoje wikendi iishe. Na mwanaume mwenye HB ya chini akiambiwa tu "kula maini", arudi aulize swali la pili.

Minyoo wa safura nao bado wapo. Hawaingii kwa mdomo peke yake. Wanatoboa ngozi ya miguu ukitembea pekupeku kwa udongo uliochafuliwa na kinyesi, wanasafiri mpaka utumbo, wanajishika hapo na kunywa. Mmoja anakunywa tone. Wakiwa mia, ni deni la kila siku. Albendazoli ya miligramu 400, kidonge kimoja, bei ya chapo kadhaa, inafanya kazi kubwa. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Kichocho pia. Kama mkojo wa mdogo wako una damu mwishoni, uliza alienda wapi likizo. Hapa Mtongwe tunaogelea baharini na bahari haina kichocho, konokono wake hawaishi kwa maji ya chumvi. Lakini mabwawa na mito ya Kwale, ule upande wa nyanya, hapo ndipo wanakipata.

Kuna HB ndogo ambayo si ya chuma

Hapa ndipo dawa ya damu ya kujinunulia inakuwa noma. Malaria inapasua chembe nyekundu. Sikoseli, ambayo Pwani tunayo kuliko sehemu nyingi za nchi, inazivunja kila siku. Kuna pia alfa thalasemia, ya kurithi, ambayo imeenea sana huku kwetu na kwa wengi haina shida, ila inafanya chembe zionekane ndogo kama za mtu aliyekosa chuma. Wote hawa ukiwapima HB watakuja chini, na si wote wanahitaji chuma.

Ukitaka mfano mzito, vuka maji uende Pemba. Kule watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku, nia ikiwa nzuri kabisa. Mwaka 2003 wakalazimika kusimamisha, kwa sababu watoto waliokuwa wanapewa chuma walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa kwa jarida la Lancet 2006. Chuma ya kupita kiasi kwa mtoto aliye katikati ya malaria ni kama kumlisha adui. Lakini walipochambua zaidi, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu ndogo walifaidika. Dawa ni ile ile. Tofauti ilikuwa nani anaihitaji.

Kwa hivyo mtoto wako akipauka, usisimame kwa kemisti ununue siropu ya rangi ya chokoleti. Mpeleke apimwe malaria na damu, alale kwa neti. Na wewe mkubwa, badala ya kidole peke yake omba kile kipimo cha damu kamili, wanakiita fuli hemogramu. Kinaonyesha kama chembe zako ni ndogo, kubwa au za kawaida, na daktari anajua aanzie wapi. Ukiwa na pesa ya ferritini, ongeza. Kama kwenu kuna sikoseli, sema kabla hujapewa chochote.

Sasa dishi

Chukua breki ya Pwani yenyewe: mahamri, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa imekolea. Mbaazi zina chuma. Uko sawa, si ndio? Shida ni kikombe. Majani ya chai yana vitu vinavyoishika chuma ya mimea ndani ya tumbo isipite. Mwaka 1983 watafiti walipima, chai ikapunguza chuma inayoingia kutoka kwa mlo kwa asilimia 64, kahawa 39. Na kulikuwa na kitu cha kushangaza: kahawa ikinywewa saa moja kabla ya kula haikuharibu chochote, lakini ikinywewa saa moja baada ya kula iliharibu vile vile kama umeinywa na chakula. Kwa hivyo hakuna anayekuambia uache chai, mimi mwenyewe siwezi. Kunywa chai yako ukiamka, mbaazi zije saa moja baadaye. Au kula kwanza, chai ingoje masaa mawili. Chai ya rangi ni ile ile, kahawa tungu ya jioni pia, na maziwa hayaokoi kitu, yenyewe pia yanapunguza chuma kidogo.

Halafu kamua ndimu. Vitamini C inafungua mlango ambao chai inafunga. Mchicha wa nazi, kunde, kisamvu, sukuma, maharagwe, vyote kamulia ndimu ukishaepua, kwa sababu moto unaua vitamini C. Chungwa au embe baada ya kula linafanya kazi hiyo hiyo. Ubuyu una vitamini C nyingi, ila nazungumzia ule unga mweupe unaozunguka mbegu. Mabuyu mekundu ya pakiti, ule wekundu ni rangi na ile tamu ni sukari. Usiyahesabu kama dawa, kula kwa raha yako.

Chuma ya nyama inaingia kirahisi kuliko ya mboga. Maini ndiyo mfalme, mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito asiyale kila siku kwa sababu yana vitamini A nyingi sana. Huna doh ya maini? Maini ya kuku ni bei nafuu na yana chuma zaidi. Omena iko. Pweza yuko, na supu yake inauzwa kila kona, ingawa wanaume wanaikimbilia kwa sababu zao zingine. Ukiweka kipande kidogo cha nyama au samaki kwa sahani ya maharagwe, hata chuma ya maharagwe inaingia zaidi.

Bitiruti ni tamu, ni nzuri, lakini ina chuma chini ya miligramu moja kwa gramu mia. Wekundu wake hauhusiani na damu. Soda nyekundu ndiyo kabisa.

Unga wa pakiti una kitu kidogo cha kukusaidia: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na ngano wa viwandani uongezwe chuma na vitamini. Unga wa posho mill haupitii hapo. Na kama nyumbani kuna karai la chuma la zamani ambalo mmelitupa nje kwa sababu ya kutu, lisugue. Ethiopia walijaribu, matokeo yakatoka 1999: watoto waliokula chakula kilichopikwa kwa vyungu vya chuma HB zao zilipanda kuliko wale wa sufuria za alumini. Mchuzi wenye nyanya au ukwaju ndio unachota chuma zaidi.

Muguka naukumbusha kwa sababu tu unakata njaa. Ukitafuna kuanzia mchana mpaka usiku ukaingilia chai ya sukari nyingi, umekula nini siku hiyo?

Vidonge: hapa wengi ndio wanaangukia

Ukweli usemwe, HB ikiwa 8 chakula peke yake hakitakutoa. Kinazuia, kinadumisha, lakini deni kubwa linalipwa na vidonge. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 kina karibu 65 za chuma halisi, na unaingiza sehemu ndogo tu.

Zamani walikuwa wanasema meza mara tatu kwa siku. Siku hizi tunajua kwamba ukimeza dozi, mwili unatoa homoni inaitwa hepsidini ambayo inafunga mlango kwa karibu siku nzima. Dozi ya pili siku hiyo inakaa tu tumboni kukuletea kichefuchefu. Watafiti wa Zurich mwaka 2017 waliwapa kina dada wenye upungufu wa chuma vidonge siku moja ndiyo, siku moja hapana, na wakaingiza chuma zaidi kuliko wa kila siku. Kama vidonge vinakushinda, muulize daktari kuhusu hiyo ya kuruka siku, badala ya kuvitupa kimya kimya. Mjamzito usibadilishe mwenyewe, ratiba yako ongea na kliniki.

Meza tumbo likiwa tupu na maji ya ndimu au juisi ya chungwa. Ikikuchafua roho, meza na chakula kidogo au kabla ya kulala. Ni bora kidonge kiingie kidogo kuliko kisiingie kabisa. Usimeze na chai, maziwa au dawa za kiungulia. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ilimradi hakinati kama lami. Kitakuwa kigumu pia, kwa hivyo maji na papai. Na tafadhali, weka mbali na watoto. Vidonge vya chuma vinafanana na peremende, na mtoto akila vingi ni sumu ya kuua.

Kuna wakati haya yote si ya kungoja. Unahema ukiwa umekaa, kifua kinauma, umezimia, damu ya hedhi haisimami, mjamzito anapauka na moyo unakimbia: hapo ni boda au tuktuk mpaka hospitali ya Likoni, na wao ndio wataamua kama unavushwa Makadara kuongezewa damu.

Kama vidonge vinafanya kazi, utaanza kuhisi tofauti kwa wiki mbili hivi. Hapo ndipo watu wengi wanaacha, na ndio maana mwaka ujao wako pale pale. Rudi upimwe baada ya wiki nne. HB inafaa iwe imepanda kama gramu mbili, mfano kutoka 8.4 mpaka 10 na kitu. Ikifika kiwango chako, endelea miezi mitatu mingine, ndio akiba ijae. Na kama wiki nne zimeisha, umemeza vizuri, chai umeisogeza, na namba haijasonga, usinunue chupa ingine. Rudi na hiyo karatasi, uwaambie watafute tundu.